MTOTO HAKUROGWA: NI HERUFI MOJA ILIYOBADILIKA

Tuseme katika kijiji chenu wapo mke na mume. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mzima, akanyonya vizuri na kunenepa. Alipofika miezi saba, vidole vya mikono na nyayo zake vilianza kuvimba. Akawa analia usiku kucha. Macho yakawa ya manjano. Kila homa iliyopita kijijini ilimkamata yeye kwanza. Kabla hajatimiza miaka mitatu akafariki dunia. Mtoto wa pili ni mzima, anachunga mbuzi. Wa tatu amepatwa na yale yale ya wa kwanza.

Sasa maneno yameanza. Wapo wasemao kuwa nyumba ile imerogwa. Wapo wasemao kuwa mama ana mkosi, na kwamba ukoo wake huzaa watoto wa kufa. Mama mkwe anamshauri mwanawe aoe mke mwingine. Mbuzi wawili wameuzwa ili kumlipa mpiga ramli. Mtoto wa tatu bado analia, na hakuna aliyempeleka kupimwa damu.

Mambo ya namna hii bado yanatokea katika nchi yetu. Ugonjwa wa mtoto yule una jina. Unaitwa selimundu, na watu wengi huuita sikoseli. Hautokani na uchawi, laana, wala mkosi wa mama. Unatokana na kosa dogo sana katika maandishi yaliyomo ndani ya mwili. Leo tutajifunza maandishi hayo ni nini, hukosewaje, na sisi tufanye nini.

VINASABA NI NINI?

Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Seli ni ndogo mno, hatuwezi kuiona kwa macho bila darubini. Ndani ya karibu kila seli kuna maandishi yanayoeleza jinsi ya kuujenga na kuuendesha mwili: rangi ya ngozi iweje, damu itengenezwe vipi, maziwa yameng'enywe kwa kitu gani. Maandishi hayo wataalamu huyaita DNA. Kwa Kiswahili tunayaita vinasaba. Neno hilo limetoka katika neno nasaba, yaani ukoo, kwa sababu maandishi haya tunayarithi kutoka kwa wazazi wetu.

Alfabeti ya vinasaba ina herufi nne tu: A, T, G na C. Lakini herufi hizo zimepangwa katika mstari mrefu sana. Seti moja ya maandishi ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Maandishi yamegawanywa katika vitabu ambavyo wataalamu huviita kromosomu. Kila mtu ana vitabu 46: 23 amepewa na baba yake na 23 amepewa na mama yake. Kwa hiyo kila agizo tunalo mara mbili, moja la baba na moja la mama. Agizo moja huitwa jeni. Mtu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini za mwili.

Umbo la DNA lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Uingereza, wakisaidiwa na picha za eksirei zilizotokana na kazi ya Rosalind Franklin. Linafanana na ngazi ya kamba iliyosokotwa.

MAKOSA YA AINA GANI HUTOKEA?

Seli inapogawanyika kuwa mbili, lazima kwanza inakili maandishi yote ili kila seli mpya ipate nakala yake. Wewe uliyepitia darasa la kisomo unajua kazi ya kunakili kutoka ubaoni. Hata mwanafunzi hodari hukosea herufi moja moja. Seli nayo hukosea. Kosa linalobaki katika maandishi ndilo tunaloliita badiliko la vinasaba. Tazama aina zake.

Kwanza, herufi moja kuwekwa mahali pa nyingine. Mwalimu ameandika "Baba anapika." Mwanafunzi amenakili "Baba anapiga." Herufi moja tu imebadilika, lakini habari ni nyingine kabisa.

Pili, herufi kuachwa. Mwalimu ameandika "Mama analima." Mwanafunzi ameacha herufi moja, akaandika "Mama analia."

Tatu, herufi kuongezwa. Mwalimu ameandika "Babu anaoa." Mwanafunzi ameandika "Babu anaota."

Kuna jambo jingine la kujua. Seli husoma maandishi yake herufi tatu tatu, bila kuacha nafasi. Kila herufi tatu ni neno moja. Chukua sentensi hii ya maneno ya herufi tatu: MTU ANA MUA LEO. Sasa futa herufi ya kwanza ya neno la pili, kisha endelea kusoma tatu tatu: MTU NAM UAL EO. Herufi moja imepotea, na maneno yote yanayofuata yameharibika. Ndiyo sababu kuacha au kuongeza herufi mara nyingi huleta madhara makubwa kuliko kubadilisha tu.

Nne, kipande kizima kufutika, kurudiwa, au kugeuzwa juu chini. Wakati mwingine kitabu kizima huzidi. Mtoto akipata kitabu namba 21 mara tatu badala ya mara mbili, huzaliwa na hali iitwayo Down sindromu. Mtoto huyo huchelewa kujifunza, lakini akipendwa na kufundishwa hujifunza mengi.

MAKOSA HAYO HUSABABISHWA NA NINI?

Mengi hutokea yenyewe wakati wa kunakili. Hakuna aliyefanya kosa, wala hakuna wa kulaumiwa. Seli ina wakaguzi wake wanaosahihisha makosa karibu yote, lakini machache huwapita. Kila mtoto anayezaliwa huwa na mabadiliko mapya yapatayo 60 hadi 70 ambayo wazazi wake hawakuwa nayo katika miili yao. Mengi ya hayo hutoka katika mbegu za baba, na huongezeka kadiri baba anavyozeeka. Kwa hiyo, Mzee, usiseme kwamba kasoro za watoto hutoka kwa akina mama peke yao!

Mabadiliko mengine huletwa na vitu vya nje:

Mionzi. Mwaka 1927 mtaalamu Hermann Muller wa Marekani alionyesha kwamba eksirei hubadilisha vinasaba vya nzi wadogo wa matunda. Usiogope kupigwa picha ya eksirei hospitalini unapoambiwa na daktari, kwani mionzi yake ni kidogo na faida yake ni kubwa. Lakini mama mwenye mimba amwambie mpiga picha mapema. Mwanga mkali wa jua nao huharibu vinasaba vya ngozi.

Moshi wa tumbaku. Una sumu nyingi zinazoharibu vinasaba vya seli za mapafu, na hatimaye huleta saratani.

Sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota katika mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hii kwa wingi. Lakini hata ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, sumukuvu hubadilisha herufi G kuwa T katika jeni inayozuia saratani, na mtu huweza kupata saratani ya ini. Kaushaneni mahindi juu ya turubai wala si juu ya udongo. Punje zenye ukungu zisiliwe, wala zisipewe kuku au ng'ombe.

Hapa tutofautishe mambo mawili. Mkulima anajua kwamba muhindi mmoja ukiungua na jua shambani, hasara ni ya muhindi ule tu. Lakini ikiharibika mbegu ya akiba, hasara itaonekana msimu ujao. Vivyo hivyo, badiliko linalotokea katika ngozi au mapafu halirithiwi na watoto. Linalorithiwi ni lile lililomo katika mbegu ya baba au yai la mama.

JE, KILA BADILIKO NI BAYA?

La. Mengi hayadhuru wala hayafaidii kitu. Mtu akiandika "mahidi" badala ya "mahindi," bado utaelewa anasema nini.

Machache huleta faida. Watu wengi duniani wakishakua hupungukiwa na uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na wakinywa maziwa mabichi huumwa tumbo. Lakini wafugaji wetu hunywa maziwa maisha yao yote bila shida. Mwaka 2007 mtaalamu Sarah Tishkoff na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona kwamba wengi wa wafugaji hao wana badiliko la herufi moja linaloifanya miili yao iendelee kumeng'enya maziwa hata ukubwani. Katika nchi ya ukame, aliyeweza kuishi kwa maziwa alipona na kuzaa watoto, na watoto wakarithi badiliko lile.

Yapo pia mabadiliko yanayomfaa adui yetu. Vimelea vya malaria navyo vina vinasaba, navyo hukosea kunakili. Baadhi yao walipata badiliko lililowafanya wasife kwa klorokwini. Wenzao walikufa kwa dawa, wao wakabaki na kuzaana. Ndiyo sababu Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 ikatumia SP, na SP nayo iliposhindwa, tukaingia katika dawa mseto mwaka 2006. Kwa hiyo pima kwanza, kisha meza dozi yote. Ukiacha vidonge njiani, unawaacha vimelea sugu wabaki hai.

Na yapo mabadiliko yanayodhuru. Ualbino hutokana na badiliko katika jeni ya rangi. Kwa watu wengi wenye ualbino hapa Tanzania, kipande cha herufi zipatazo 2,700 kimefutika. Mtoto mwenye ualbino amepata nakala yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Ni mtu kamili, akili yake ni timamu. Anachohitaji ni kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, na kukaa mbele darasani kwa sababu haoni mbali. Anahitaji pia kulindwa, maana wapo waliouawa kwa imani ya uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Hakuna utajiri katika herufi iliyofutika.

Sasa turudi kwa mtoto wetu anayelia.

SELIMUNDU NI NINI?

Katika damu zimo chembechembe nyekundu. Kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Kinachobeba hewa hiyo ni protini iitwayo himoglobini. Mnyororo mmoja wa himoglobini una vipande 146 vilivyofuatana kama shanga katika uzi. Katika selimundu shanga ya sita imebadilika. Imebadilika kwa sababu katika agizo lake herufi A imekuwa T: palipoandikwa GAG pameandikwa GTG. Ni hiyo tu! Zote nyingine ziko sawa.

Lakini himoglobini hiyo, ikishatoa hewa yake, hugandamana na kuwa kama nyuzi ndefu. Chembe nyekundu ambayo ni ya mviringo na laini hukakamaa na kupinda kama mundu wa kukatia majani. Ndipo lilipopatikana jina selimundu. Chembe za mviringo hupita kwa urahisi katika mishipa myembamba ya damu. Chembe zilizopinda hunasa na kuziba njia, kama takataka katika mfereji wa maji. Sehemu iliyoko mbele hukosa hewa, na hapo ndipo maumivu makali huanza. Tena, chembe nzima huishi siku zipatazo 120, lakini chembe mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Mwili haudiriki kutengeneza nyingine upesi, kwa hiyo mgonjwa hupungukiwa damu.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, aliandika habari za mgonjwa aliyeonekana na chembe zenye umbo la mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa kasoro iko katika himoglobini yenyewe. Mwaka 1957 Vernon Ingram, akiwa Uingereza, alionyesha kuwa ni shanga moja tu iliyobadilika. Basi ugonjwa ambao watu waliutafutia mchawi, chanzo chake kilipatikana katika darubini na maabara.

KWA NINI UGONJWA HUU NI MWINGI KWETU?

Inakadiriwa kuwa hapa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Kwa nini?

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo. Aliona jambo la ajabu. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, watu wengi walikuwa na alama ya selimundu katika damu. Katika nyanda za juu zenye baridi, karibu hapakuwa na mtu mwenye alama hiyo. Akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna? Jibu likawa mbu wa malaria. Mwaka 1954 alichapisha matokeo yake: mtoto aliyerithi herufi iliyobadilika kutoka kwa mzazi mmoja tu hafi kwa urahisi kwa malaria kali.

Basi badiliko hili, lililotokea Afrika maelfu ya miaka iliyopita, lilikuwa kinga kwa wengi. Waliokuwa na nakala moja walipona malaria, wakakua, wakazaa. Lakini waliopata nakala mbili waliugua selimundu. Ni kama moto wa jikoni: mmoja hupikia chakula, mwingine huunguza nyumba.

Angalia sana hapa, maana wengi hukosea. Mwenye nakala moja amepunguziwa hatari ya malaria kali, lakini anaweza kuugua malaria. Na mgonjwa wa selimundu mwenye nakala mbili hana kinga hiyo. Kwake malaria ni hatari kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Alale ndani ya chandarua kila siku.

MTOTO HURITHI VIPI?

Fanyeni jaribio hili katika kikundi chenu. Chukueni vibuyu viwili. Kimoja kiwe cha baba na kingine cha mama. Katika kila kibuyu tieni punje mbili za mahindi, moja nyeupe na moja nyekundu. Nyeupe ni agizo zima. Nyekundu ni agizo lenye herufi iliyobadilika. Baba na mama wa namna hii huitwa wabebaji. Hawaumwi, wanalima na kubeba mizigo kama wengine, wala hawajui kuwa wana punje nyekundu.

Sasa mtu mmoja afumbe macho, achukue punje moja katika kila kibuyu. Huyo ndiye mtoto. Andikeni alichopata, rudisheni punje, mrudie tena mara ishirini au zaidi. Mtaona mambo haya:

Nyeupe na nyeupe: mtoto ni mzima kabisa. Hutokea kama mara 1 kati ya 4.

Nyeupe na nyekundu: mtoto ni mbebaji kama wazazi wake. Hutokea kama mara 2 kati ya 4.

Nyekundu na nyekundu: mtoto ana selimundu. Hutokea kama mara 1 kati ya 4.

Kumbukeni kurudisha punje kila mara. Kila mimba ni kura mpya. Usidhani kwamba ukizaa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Katika nyumba moja wanaweza kuumwa wawili mfululizo, na katika nyingine yenye wazazi wa aina ile ile asiumwe hata mmoja. Ndiyo maana watu hufikiri kuna mkono wa mtu.

Na tazameni jambo jingine. Ili mtoto augue, lazima punje nyekundu itoke katika vibuyu vyote viwili. Baba anayemfukuza mkewe kwa sababu amezaa mtoto mwenye selimundu anamfukuza kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amechangia nusu. Akioa mke wa pili, kibuyu chake anakwenda nacho. Mke huyo naye akiwa mbebaji, mambo yatakuwa yale yale.

DALILI ZA UGONJWA

Mtoto mchanga haonyeshi dalili, kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni. Baada ya miezi sita hivi dalili huanza: kuvimba vidole na nyayo, maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo, macho ya manjano, kupungukiwa damu, homa za mara kwa mara, bandama kuvimba, na kuchelewa kukua. Wengine hupata kiharusi wangali watoto. Ugonjwa huu hauambukizi. Unaweza kula naye, kulala naye na kumpakata bila hofu.

TUFANYE NINI?

Wasomaji wengine watasema: ikiwa maandishi yamekosewa, si basi? Hapana. Wapo watu wazima wenye selimundu ambao wamesoma, wanafanya kazi na wana watoto. Tofauti kati yao na waliokufa wadogo mara nyingi ni kujulikana mapema na kutunzwa.

1. Mpelekeni mtoto kupimwa damu. Ukiona dalili tulizotaja, au kama ndugu yake alikufa na dalili hizo, nenda zahanati au kituo cha afya. Mwambie mganga, "Nataka mtoto apimwe selimundu." Pasipo na kipimo, omba barua ya kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa.

2. Mgonjwa ahudhurie kliniki hata siku ambazo haumwi. Atapewa vidonge vya foliki asidi vya kusaidia kutengeneza damu. Mtoto wa chini ya miaka mitano hupewa penisilini kila siku ili kuzuia maambukizo. Apate chanjo zote. Ipo pia dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu na upungufu wa damu. Hutolewa na daktari, tena kwa kupima damu mara kwa mara.

3. Nyumbani anywe maji mengi, avishwe nguo za joto wakati wa baridi, asilowe mvua, asichoke kupita kiasi, na alale katika chandarua. Mwalimu wake aelezwe, ili amruhusu kunywa maji na kwenda haja darasani, wala asimchape kwa kutokuja shule siku ya maumivu.

4. Mkimbizeni hospitali akipata homa kali, akipumua kwa shida, akiwa mweupe ghafla viganjani na midomoni, tumbo likivimba upande wa kushoto, au upande mmoja wa mwili ukilegea. Msingojee asubuhi.

5. Vijana wanaotaka kuoana wapime damu. Wote wawili wakiwa wabebaji, hakuna sheria inayowakataza kuoana. Lakini wajue mapema, waamue kwa macho wazi, na wakizaa wawapime watoto wao mapema.

Wataalamu pia wamepata njia za kutibu kabisa. Moja ni kumpandikizia mgonjwa uloto kutoka kwa ndugu anayelingana naye, kazi ambayo ilifanyika Dodoma mwaka 2023. Nyingine ni kusahihisha vinasaba vyenyewe, na mwishoni mwa mwaka 2023 nchi za Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba hiyo. Gharama zake bado ni kubwa mno kwa mkulima. Lakini maji, chandarua, foliki asidi, penisilini na kliniki tunaviweza, na hivyo ndivyo vinavyookoa watoto wengi.

Ndugu msomaji, wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi chini ya miti, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadili. Walijifunza kwamba malaria huletwa na mbu, wakafyeka majani na kufukia madimbwi. Walioelewa chanzo cha ugonjwa hawakuendelea kumtafuta mchawi. Nasi tufanye hivyo kwa selimundu.

Ikiwa jirani yako ana mtoto anayelia usiku, macho ya manjano na vidole vimevimba, usinong'one kisimani. Mchukulie ukurasa huu. Kama hajui kusoma, msomee. Kisha msindikize zahanati kesho asubuhi. Na baba mwenye nyumba ile, mwambie kwa upole aende na mkewe. Vibuyu ni viwili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja aina nne za mabadiliko ya vinasaba. Tungeni sentensi zenu wenyewe kuonyesha tatu za kwanza.

2. Kwa nini mtu aliyepata saratani ya mapafu kwa kuvuta sigara hawarithishi watoto wake badiliko hilo?

3. Fanyeni jaribio la vibuyu mara ishirini. Mmepata punje nyekundu mbili mara ngapi? Kikundi kingine kimepata mara ngapi? Kwa nini mmetofautiana?

4. Je, mgonjwa wa selimundu ana kinga ya malaria? Eleza.

5. Katika kijiji chetu, mtoto mwenye selimundu apimwe wapi, na nani atamsaidia mama asiye na nauli?